Mwaka Mmoja Kabla ya Kuomba Uuguzi wa Uzamili Marekani: Sayansi, CNA, Ukalimani au Hospisi?

Miongoni mwa Waswahili waishio Marekani wapo wengi waliokuja na shahada ya uhasibu, ualimu, sheria au utawala wa biashara, na ambao baada ya miaka ya kubeba boksi au ya kukaa ofisini wameamua kuwa wauguzi. Mmoja wa milango iliyo wazi kwa mtu wa namna hiyo ni programu za uzamili zinazompokea mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote, zikamfundisha uuguzi tangu msingi, zikamwandaa kwa mtihani wa leseni wa NCLEX-RN na kumtunuku shahada ya uzamili badala ya shahada ya kwanza ya pili. Columbia, jijini New York, inayo programu ya miezi 15. Chuo Kikuu cha Minnesota kinayo ya miezi 16. Johns Hopkins ya Baltimore inayo yake, na Chicago kuna Rush na DePaul. Yale ilianza kupokea watu wa fani nyingine mwaka 1974, na programu yake huchukua takriban miaka mitatu kwa sababu humfikisha mwanafunzi hadi kwenye ubobezi.

Ushindani ni mkubwa. AACN, ambayo ni jumuiya ya vyuo vya uuguzi vya Marekani, iliripoti kwamba mwaka 2023 maombi 65,766 yaliyotimiza sifa yalikataliwa na programu za shahada ya kwanza na za juu yake, kwa sababu ya uhaba wa walimu, vituo vya mazoezi, madarasa na fedha. Hayo ni maombi, si watu, kwa kuwa mtu mmoja huomba vyuo kadhaa. Hata hivyo yanaonyesha wazi kwamba kutimiza sifa za chini hakumhakikishii mtu nafasi.

Makala haya yanamlenga yule aliyebakiwa na mwaka mmoja hivi kabla ya kuwasilisha maombi, mwenye fedha za kuhesabu na saa chache za ziada, ambaye ameshauriwa mambo manne tofauti na watu wanne tofauti: asome upya masomo ya sayansi, achukue cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa muuguzi, na kufanya kazi na wagonjwa, awe mkalimani wa hospitalini, au ajitolee kwenye hospisi, yaani huduma ya kuwatunza watu wanaokaribia mwisho wa maisha. Yote manne ni mema. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja hautoshi kuyafanya yote kwa kiwango kinachoonekana, na ninaamini kwa dhati kwamba ombi huimarika pale tu lilipokuwa dhaifu. Nimewaona watu wenye miaka mingi ya kuhudumia wazee wakiongeza zamu juu ya zamu, ilhali kilichowakwamisha ni alama za kemia za zamani. Na nimewaona wengine wakikusanya alama za A darasani huku hawajawahi kukaa saa moja kando ya kitanda cha mgonjwa.

Vigezo tutakavyotumia

Maswali ya kamati za udahili hutofautiana maneno tu, lakini yanarudi kwenye mambo matatu. La kwanza, je, mwombaji ataweza kuhimili masomo yanayokwenda kwa kasi, ambapo famakolojia (elimu ya dawa) na patofiziolojia (jinsi ugonjwa unavyobadili utendaji wa mwili) hufundishwa ndani ya miezi michache? La pili, je, anaijua kazi anayoiomba, pamoja na uchovu, harufu na huzuni yake? La tatu, kwa nini aache alichokuwa nacho, na kwa nini uzamili badala ya njia fupi zaidi ya kupata leseni ileile?

Kwa hiyo kila njia kati ya hizo nne tutaipima kwa vigezo vinne: inajibu swali lipi kati ya hayo matatu, inachukua muda na fedha kiasi gani, inaacha nini ndani ya faili, yaani barua na habari za kuandikia insha, na ina mipaka gani. Baada ya hapo tutaangalia ipi inamfaa nani.

Swali ambalo kila njia inalijibu

Masomo ya sayansi yanajibu swali la kwanza, tena kwa namna ambayo hakuna njia nyingine inayoweza. Yanayodaiwa na vyuo vingi ni anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili pamoja na maabara, mikrobiolojia na maabara yake, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi na lishe. Vyuo vingi pia huweka ukomo wa umri wa masomo ya sayansi, mara nyingi kati ya miaka 5 na 10, hivyo hata aliyefaulu biolojia vizuri chuoni zamani anaweza kulazimika kuisoma upya.

Hapa pana hesabu ambayo kila mwombaji anapaswa kuifanya kabla ya kulipa ada. Tuseme mtu alimaliza shahada yake kwa krediti 120 akiwa na GPA, yaani wastani wa alama ambao Marekani huishia 4.0, ya 2.8, na sasa anachukua masomo yote ya awali, ambayo ni krediti 25 hivi, na kupata A katika kila somo. GPA yake ya jumla itafika 3.0 na nukta ndogo sana, kiwango ambacho vyuo vingi hukitaja kuwa cha chini. Aliyeanzia 2.7 atafika 2.92 tu, hata kama hakukosa A hata moja. Vilevile, anayerudia somo alilofeli asitegemee kwamba alama ya kwanza itafutika: mfumo wa pamoja wa maombi, NursingCAS, huhesabu kila jaribio, hata kama chuo alichosoma hakifanyi hivyo. Faida kubwa ya masomo haya basi si kupandisha jumla, bali ni kuonyesha mwelekeo, kwa kuwa GPA ya sayansi husomwa peke yake, na mhasibu mwenye 2.9 ya zamani na 4.0 mpya ya sayansi anasomeka tofauti kabisa na mwenye 2.9 iliyotawanyika sawasawa.

Kazi ya CNA inajibu swali la pili. CNA humwogesha mgonjwa, humlisha, humpima shinikizo la damu na joto, humhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na humgeuza asiyeweza kujigeuza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulala. Jambo hili la mwisho ni mfano mzuri wa kile ambacho kazi hii humfundisha mtu. Anayemgeuza mgonjwa kwa makini huangalia visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Huugusa wekundu kwa kidole aone kama unafifia ukibonyezwa. Na kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, ambaye wekundu hauonekani kwa urahisi, hupapasa kutafuta joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, kisha humwarifu muuguzi. Aliyefanya hivyo usiku baada ya usiku hahitaji kuieleza kamati kwamba anaijua kazi, kwa sababu maelezo yake yenyewe yatamshuhudia.

Ukalimani wa hospitalini hujibu nusu ya swali la pili na sehemu kubwa ya la tatu. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 zinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia huduma ya lugha mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri, na kanuni za kifungu hicho zinazuia mtoto kutumiwa kuwatafsiria wazazi wake isipokuwa kwa dharura. Kwa kuwa wakimbizi kutoka Kongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, Kiswahili kinahitajika katika hospitali za miji kama Louisville na Lexington huko Kentucky, na Portland huko Maine. Mkalimani huketi kando ya mgonjwa, nyuma kidogo, akisema kwa nafsi ya kwanza kile anachosema mgonjwa, bila kuongeza wala kupunguza. Akiwa pale humwona muuguzi akimwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyotumia dawa nyumbani, na hufahamu mapema, kuliko waombaji wengi, kwamba kuelewana ni sehemu ya tiba.

Kujitolea kwenye hospisi hujibu swali la pili kwa upande wa utu, na la tatu kwa upande wa nia. Anayejitolea hukaa na mtu anayekaribia mwisho wa maisha ili ndugu wapate kupumzika au kwenda dukani, humsomea, humsikiliza. Haguswi na majukumu ya kitabibu, lakini hugundua kama anaweza kuwa karibu na kifo bila kukimbia, na hilo ni jambo la msingi kulijua kabla ya kukopa maelfu ya dola.

Muda na gharama

Masomo ya sayansi ndiyo yanayokula muda na fedha zaidi. Kwa kuwa sehemu ya pili ya anatomia na fiziolojia haichukuliwi kabla ya ya kwanza, na koleji nyingi hudai kemia au biolojia kabla ya mikrobiolojia, mtu hawezi kuyabana yote katika muhula mmoja; mihula miwili na kipindi cha kiangazi ni mpango wa busara. Koleji za jamii za miaka miwili ni nafuu kwa mkazi wa jimbo, na programu nyingi za uzamili huyakubali masomo yake, ingawa ni lazima kuuliza kila chuo msimamo wake kuhusu maabara za mtandaoni. Ruzuku ya masomo ya serikali kuu iitwayo Pell haitolewi kwa mwenye shahada ya kwanza, hata kama aliipata nje ya Marekani, kwa hiyo ada hutoka mfukoni au kwenye mkopo.

Mkopo nao unahitaji kufikiriwa mapema kuliko zamani. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeondoa mkopo wa serikali kuu wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na imeweka kwa shahada za uzamili za kawaida ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Mtu atakayesoma programu ghali asitumie akiba yake yote kwenye masomo ya awali akidhani kwamba serikali itafidia kilichobaki.

CNA ni kinyume chake: njia hii huanza kulipa. Sheria ya serikali kuu inadai mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwemo 16 za vitendo chini ya usimamizi, na majimbo mengi yanadai zaidi. California inadai 160. Nyumba ya kutunzia wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo, hairuhusiwi kumtoza ada ya mafunzo mtu iliyemwajiri au iliyemwahidi ajira, na aliyejilipia mwenyewe kisha akaajiriwa na nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12 ana haki ya kurudishiwa gharama na jimbo. Watu wengi hulipa mamia ya dola bila kulijua hilo. Gharama halisi ya njia hii iko mwilini: mgongo, usingizi, na saa ambazo zingetumika kusoma.

Kwa ukalimani, mashirika mawili yanayotoa vyeti vya kitaifa, CCHI na NBCMI, yanadai angalau saa 40 za mafunzo maalumu. Mtihani wa kuzungumza kwa Kiswahili haumo kwenye vyeti hivyo. Anayefanya kazi kwa Kiswahili hufanya mtihani wa maarifa ya kazi kwa Kiingereza, na kampuni ya ukalimani humpima lugha kwa utaratibu wake. Kazi hulipa, ila saa zake hazitabiriki, hasa kwa anayefanya ana kwa ana.

Hospisi haidai ada, na hutoa mafunzo yake yenyewe. Wapo wanaoogopa kuomba wakidhani kwamba watakuwa mzigo. Ukweli ni kwamba kanuni za Medicare zinazitaka hospisi kuhakikisha saa za watu wa kujitolea zinafikia angalau asilimia 5 ya saa za kuwahudumia wagonjwa zinazofanywa na wafanyakazi wa kulipwa na wa mkataba. Zinawahitaji. Saa chache kila wiki kwa miezi mingi zina uzito kuliko saa nyingi zilizorundikwa mwezi wa mwisho kabla ya kuomba.

Kinachobaki ndani ya faili: barua na insha

Barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu wa sayansi ni adimu kwa mtu aliyebadili fani, na ndiyo sababu ina thamani. Lakini haitokani na alama pekee. Katika maabara ya mikrobiolojia, kwa mfano, mwanafunzi hupaka bakteria kwenye kioo, humwagia rangi ya zambarau, iodini, kisha alkoholi kwa sekunde chache, na mwisho rangi ya waridi. Akiiacha alkoholi kupita kiasi, hata bakteria waliopaswa kubaki zambarau huonekana waridi, na jibu huwa si sahihi. Mwalimu aliyemwona mtu akigundua kosa hilo mwenyewe na kuomba kioo kingine ana jambo la kuandika. Anayehudhuria darasa la watu wengi bila kuuliza swali wala kumtembelea mwalimu saa za ofisi atapata barua ya mistari mitano isiyosema kitu.

Kwa CNA, mwandishi bora wa barua ni muuguzi mwenye leseni anayesimamia zamu, si meneja wa rasilimali watu. Mwombaji akumbuke kumwomba angali kazini na kumpa muda, kwa kuwa wauguzi wa nyumba za wazee huhama mara kwa mara. Pia, anapojaza fomu ya barua, achague kuachilia haki yake ya kuisoma. Kamati huziamini zaidi barua ambazo mwombaji hakuziona.

Mkalimani huweza kupata barua kutoka kwa mratibu wa huduma za lugha, na anayejitolea kutoka kwa mratibu wa hospisi. Barua zote mbili zinafaa kuwa barua ya tatu ya kuongezea, lakini hazitoshi kusimama peke yake, kwa sababu waratibu hao kwa kawaida hawamwoni mtu akiwa kazini kwa muda mrefu kama msimamizi wa zamu anavyomwona.

Kwenye insha mambo hubadilika. Hapa mkalimani na mtu wa hospisi mara nyingi huandika vizuri kuliko wote, kwa kuwa wamelazimika kutazama na kusikiliza, ilhali CNA mwenye uzoefu huelekea kuorodhesha majukumu yake kana kwamba anaandika wasifu wa kazi. Tukio moja lililoelezwa kwa makini linatosha. Sheria ya faragha ya HIPAA ya mwaka 1996 ikumbukwe katika njia zote tatu za kukutana na wagonjwa: jina, umri kamili, tarehe, chumba na jina la kituo viondolewe, na maelezo yabadilishwe kiasi cha kutomtambulisha mgonjwa hata kwa ndugu yake. Kamati ikiona siri ya mgonjwa kwenye insha, insha hiyo imeshamponza mwandishi.

Niongeze hapa neno kuhusu fani ya zamani, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mwongozo wa AACN wa mwaka 2021 unaoelekeza mitaala ya uuguzi una maeneo 10, yakiwemo ubora na usalama, teknolojia ya habari, afya ya jamii na ushirikiano na fani nyingine. Mwalimu aliyewahi kufundisha darasa la wanafunzi 80 anajua kumweleza mtu jambo gumu mpaka alielewe. Mhasibu anajua kufuatilia kosa dogo hadi chanzo chake. Wakili anajua kumtetea asiye na sauti mbele ya taasisi. Njia yoyote kati ya hizi nne hupata nguvu mara mbili pale insha inapoiunganisha na fani ya awali, na hapo ndipo jibu la swali la tatu, la kwa nini uzamili, hupatikana bila kulazimishwa.

Mipaka ya kila njia

Sayansi haimwonyeshi mtu wodi. Waliopata A zote na kisha kuacha mafunzo baada ya majuma machache ya vitendo wapo, na kamati zinajua hivyo.

CNA haifuti alama mbaya, na saa za ziada baada ya mwaka wa kwanza huongeza kidogo sana kwenye ombi. Cheti chenyewe hupoteza uhai: anayekaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya aina hiyo hulazimika kufundishwa au kupimwa upya. Aidha, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini maalumu, na kuvunja sharti hilo kwa ajili ya ombi la chuo ni hasara isiyolinganishwa na faida yoyote. Sharti hilohilo humgusa mkalimani wa kulipwa.

Ukalimani una mpaka wa maadili ambao wengi wetu huona vigumu kuuheshimu, hasa mgonjwa akiwa mtu wa nyumbani: mkalimani hashauri, hafariji kwa maneno yake, wala hampigii mgonjwa simu baadaye kumjulia hali. Anayefanya kwa simu tu kutoka nyumbani hupata uzoefu mwembamba zaidi kuliko anayeingia chumbani.

Hospisi humwonyesha mtu upande mmoja tu wa uuguzi, tena ulio wa polepole. Anayeitegemea peke yake huonekana mwenye moyo mwema asiyejaribiwa kwa kasi ya hospitali.

Kuna jambo la afya linalozigusa njia zote tatu za kukutana na wagonjwa, na baadaye programu yenyewe. Vituo hudai vipimo vya kifua kikuu pamoja na uthibitisho wa chanjo. Wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tukiwa watoto wachanga, na chanjo hiyo huweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe uvimbe hata kama mtu hana maambukizi. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hupendekeza kipimo cha damu kwa waliochanjwa BCG. Mwombaji akiombe tangu mwanzo, asije akapoteza majuma akipigwa picha za kifua zisizo za lazima.

Uchague vipi kwa hali yako

Mwenye shahada ya Afrika Mashariki asianze na njia yoyote kabla ya kutuma matokeo yake kufanyiwa tathmini ya somo kwa somo, kwa mfano na WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani. Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia GPA ya hadi 5.0, kwa hiyo 3.8 ya Dar es Salaam haisomeki kama 3.8 ya Marekani, na mtu hawezi kujua kama tatizo lake ni alama mpaka azione zimegeuzwa. Transkripti kutoka nyumbani huchelewa. Mwenye ndugu karibu na chuo amwombe afuatilie ofisi ya usajili ana kwa ana.

Aliye na GPA chini ya 3.0, au ambaye sayansi yake imepita miaka kumi, aweke nguvu kwenye masomo, achukue mawili kwa muhula ili apate A badala ya manne ya B, na aongeze saa chache za hospisi mwishoni mwa wiki kwa ajili ya swali la pili.

Aliye na alama nzuri na kazi ya ofisi anayoweza kuiacha au kuipunguza, CNA ndiyo itakayombadilisha zaidi, hata kwa miezi sita. Asiyeweza kuiacha kwa sababu ya kodi ya nyumba au bima ya watoto, hospisi ya jioni na somo moja la sayansi vinampa ombi la heshima.

Aliyekwisha kuwa CNA kwa miaka, kama walivyo Wakenya na Watanzania wengi wa Minnesota, Massachusetts na Texas, asiongeze zamu. Anachokihitaji ni sayansi mpya, barua ya muuguzi anayemsimamia, na insha inayoeleza anachokifikiri kuhusu kazi hiyo badala ya anachokifanya. Akiwa hospitalini, aulize pia kama mwajiri husaidia ada ya masomo, kwa kuwa hospitali nyingi hufanya hivyo kwa wafanyakazi wao.

Mwenye Kiswahili fasaha na Kiingereza kizuri, anayeishi karibu na jamii ya Wakongo, na ambaye alama zake tayari ni nzuri, ukalimani wa ana kwa ana unampa ombi lisilofanana na la mtu mwingine. Anayejua pia Kinyarwanda, Kirundi au Lingala ana sababu zaidi ya kuifuata njia hiyo.

Mwenye viza ya F-1 achague sayansi na hospisi, baada ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake.

Yule ambaye nia yake ni kupata leseni ya RN, yaani ya muuguzi aliyesajiliwa, haraka na kwa gharama ndogo, na ambaye hana sababu mahususi ya kutaka uzamili, alinganishe pia shahada ya kwanza ya uuguzi ya haraka na stashahada ya miaka miwili ya koleji ya jamii. Mtihani wa NCLEX-RN ni uleule, masomo ya awali yanafanana kwa sehemu kubwa, na uzamili unaweza kufuata baadaye kwa msaada wa mwajiri.

Na aliyebakiwa na miezi mitatu au minne tu asianzishe jambo jipya lisiloweza kukomaa. Muda huo autumie kuwafuatilia waandishi wa barua, kuandika insha upya mara kadhaa na kuisoma kwa sauti mbele ya mtu asiye wa fani ya afya, na kuwaandikia maofisa wa udahili wa kila chuo kuuliza kama masomo ambayo bado yanaendelea yanakubalika siku ya kuwasilisha ombi.